Kosa Lililokosa Baba

Kabla Madina hajafungua kufuli la kituo chake, maneno yalikuwa yameshafunguliwa sokoni Koboko: yule mama wa mizigo anakula vitu vya watu. Mmoja alisema gauni la Shamim limeonekana Ludara, limevaliwa na mwanamke mnene kuliko Shamim mwenyewe. Mwingine akasema hapana, gauni lilishavuka mpaka, liko Yei kwenye arusi. Na gauni lenyewe muda wote huo lilikuwa kwenye rafu ya Madina, ndani ya karatasi yake, na jina la Shamim juu, kila apitaye barabarani analiona.

Hapo ndipo palipouma. Mizigo ingekuwa imepotea kweli, Madina angejua la kusema. Mwanamke aliyeuza mitumba, sabuni na kadi za simu kwa lugha nne hakosi la kusema. Lakini mizigo haikupotea. Ilikuwa pale, mbele ya macho ya wenyewe, naye hawezi kuitoa.

Kituo kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye baraza lisilokaukiwa na watu, kimepakwa rangi za kampuni ya Tufikie. Tufikie ni kampuni kubwa. Ina ofisi Kampala, na nyingine katika miji ambayo Madina aliijua kwa kalenda yao tu. Utaratibu wao ulikuwa huu. Mzigo wako ukifika Arua, simu yako inapata ujumbe: mzigo umefika, tuulete Koboko kwa njia gani? Jibu BODA au BASI. Watu wa Koboko hawapotezi muda hapo. Boda ni ghali, na boksi linafika na vumbi la njia nzima. Wanajibu BASI. Mzigo unapanda basi, unashuka mlangoni kwa Madina, na kampuni inatakiwa ikutumie namba ya siri. Unamsomea Madina, anaiandika kwenye simu ya kampuni, simu inasema toa, naye anatoa. Akitoa bila namba, amehesabiwa mwizi.

Sasa namba haziji. Waliojibu BODA wanazipata siku hiyohiyo. Waliojibu BASI simu zao zinanyamaza kimya, na si kwa mzigo huo tu, hata kwa mingine itakayofuata. Madina aliamua moyoni kuwa kampuni inapendelea wenye pesa, akayasema hayo barazani, na baraza zima likakubali.

Aliyemchosha kuliko wote ni Afande Swadiki, mwanajeshi mstaafu aliyeagiza miwani kutoka Kampala. Kila asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi akilikazia macho boksi dogo la rafu ya juu.

"Mama Faruk," angeanza kumwambia Madina, "ile boksi ni yangu."

"Ni yako, afande."

"Ndani iko macho yangu."

"Iko."

"Na wewe unakaa na macho ya mutu, unakunywa chai."

Watu walicheka, na Madina naye alicheka, kwa sababu barazani kwake mtu asiyecheka anaonekana ana la kuficha. Lakini chai haikupita vizuri.

Alipiga simu ya malalamiko mara nyingi. Binti wa upande wa pili alikuwa na sauti ya asali, akampa kila lalamiko namba yake, akasema limepokelewa. Baada ya siku chache Madina akiuliza, anaambiwa limeshatatuliwa. Limetatuliwaje? Binti akaeleza kwa upole kwamba mteja alitumiwa ujumbe akaulizwa kama bado ana tatizo, na mteja asipojibu, lalamiko hufungwa. Madina akamuuliza ujumbe huo ulitumwa wapi. Kwenye simu ya mteja. Simu ileile isiyopata ujumbe? Binti akauliza kama kuna jambo jingine angependa kusaidiwa.

Ndipo akaja Prossy. Huyu alikuwa msimamizi wa kampuni kwa upande wa Arua, msichana mwenye viatu vizuri na haraka nyingi, ambaye Arua nzima ilijua kuwa anaitamani Kampala kama mgonjwa anavyotamani uji. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama kwamba mwisho wa mwezi kituo cha Koboko kitafungwa. Ripoti inaonyesha mizigo ya Koboko inalala bila kuchukuliwa, na malalamiko hayapo. Basi wakubwa wamekata shauri kwamba watu wa Koboko wanaagiza vitu kisha hawavitaki. Mizigo yote itarudi Kampala.

Gari la Prossy lilipoondoka, Madina alibaki akiitazama rafu. Kazi nyingine angepata, hilo halikumtisha. Lakini mizigo ikirudi Kampala, soko halitasema imerudi Kampala. Litasema tulijua. Na yeye ataendelea kuishi humuhumu, anunue vitunguu kwa watu haohao, azikwe nao, jina lake likiwa limeshaandikwa bila wino. Hilo hakulikubali hata kidogo.

Madina si mtu wa kulala akilia juu ya mto. Kitu alichokuwa nacho kuliko kampuni yoyote ni watu, na watu wana jamaa. Ayikoru, ambaye zamani aligawana meza moja na Madina katika soko la Arua, alikuwa na mtoto wa kaka yake aitwaye Alionzi, aliyekuwa akiziandikia kompyuta za Tufikie programu zake. Alionzi alikuwa amerudi kukaa Aroi, anafanya kazi ya Kampala akiwa nyumbani kwao, jambo ambalo majirani hawakuliamini hata kidogo. Walikuwa na hakika amefukuzwa na anaona haya kusema. Madina alijua hayo yote bila kuuliza. Jumapili alifunga simsim na asali kwenye kitambaa, akaenda Aroi.

Ayikoru na Alionzi walimkaribisha kwa ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki mkavu, na kwa umbea wa miaka yote ambayo hawakuonana. Tumbo liliposhiba ndipo Madina akaanza kueleza, tangu mwanzo, kwa mikono na macho, namna ujumbe unavyokuja na namna watu wanavyojibu. Alipofika hapo Alionzi akarudisha tonge kwenye sahani.

"Wanajibu basi," alisema.

"Wajibu nini tena? Ndiyo njia yenyewe."

"Ile mashine haisikii gari, Mama Faruk. Inasikia tosha."

Ayikoru alikuwa wa kwanza kuelewa. Alicheka mpaka ikabidi ashike bakuli lisimwagike. Alisema hata yeye angekuwa mashine hiyo angefanya vilevile: mutu amekwambia basi, wewe unaendelea kumwandikia ya nini?

Alionzi akafafanua. Kuna sheria kwamba mteja akisema hataki tena ujumbe, aachwe hapohapo. Kwa hiyo miaka ya nyuma mtu mmoja pale ofisini alikaa akaandika maneno ambayo watu wa kila lugha huyatumia kukataa. Upande wa Kiswahili akaandika acha, tosha, basi. Maneno mazuri, hakuna aliyekosea. Miaka ikapita, mtu mwingine, ghorofa nyingine, akaandika lile swali la boda au basi kwa ajili ya miji ya mpakani, ambako magari ya kampuni hayafiki. Naye hakukosea. Hao wawili hawajawahi hata kunywa chai pamoja. Na Kampala hawawezi kuliona, kwa sababu Kampala wanajaribu kila kitu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza gari ni gari na tosha ni tosha.

"Umejua lini?" Madina aliuliza.

Alionzi aliangalia samaki. "Mwaka juzi."

Hata Ayikoru aliacha kucheka.

"Mwaka juzi," Madina alisema polepole. "Na wewe ni mtoto wa hapa. Mimi naitwa mwizi, wewe unajua."

"Kuondoa hiyo neno ni kazi ya kikombe kimoja cha chai, mama. Niliifanya. Iko tayari, inangoja."

"Inangoja nini?"

"Mwenye kusema ni yangu."

Akaeleza kwa aibu lakini bila kuficha. Watu wa ujumbe wanasema orodha ya maneno ni ya wanasheria. Wanasheria wanasema wao hawagusi kompyuta. Watu wa mizigo wanasema swali lao ni sahihi, basi ni basi, wabadilishe nini? Kila baada ya miezi michache wakubwa wanakaa kupanga lipi lifanywe kwanza, na wanapanga kwa wingi wa malalamiko. Koboko haina lalamiko hata moja, Madina mwenyewe ameona yanavyofungwa. Tena pale kazini mtu hupanda cheo kwa kuzaa kitu kipya. Hajawahi kusikia mtu amepandishwa kwa kufuta neno moja. Na zaidi ya hayo, yule aliyeandika yale maneno zamani, anaitwa Scovia, leo ndiye mkubwa wa huduma zote. Ili kulirekebisha kosa ni lazima kuandika lilianza lini na kwa mkono wa nani. Si mtu mbaya, akiambiwa huenda angecheka. Ila hakuna anayetaka kuwa wa kumwambia.

Alionzi alifikiri Madina atakasirika. Badala yake alimwona ananyoosha miguu kwenye mkeka, uso umemchangamka, kama mtu aliyeitwa kwenye ugomvi akakuta ni ule anaoujua tangu utoto.

Aliwasimulia ya jirani yao wa zamani pale Koboko. Binti wa watu alijifungua na baba hakujulikana. Wajomba wakazunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefanya, na kila nyumba waliyofika mlango ulifungwa. Kosa la mtu gani hilo? Si letu. Nenda kwa akina fulani. Mwishowe bibi ya binti akawaambia wajomba wakae chini. Akanunua mbuzi, akatangaza siku ya kumpa mtoto jina, akapita sokoni akimsifu mtoto yule, paji lake la uso, vidole vyake virefu, kilio chake cha kijeshi. Nyama haijaiva, familia mbili zilikuwa barazani zikigombania lile paji la uso ni la kwao.

"Nyinyi mmekuwa mnatembeza kosa mlango kwa mlango mkiuliza nani alilifanya," Madina alisema. "Nani atafungua? Acheni kuuliza. Chinjeni mbuzi."

Alionzi alianza kutabasamu, akaingia ndani akatoka na kompyuta yake, na mchana huo, kuku wakipita katikati yao, wakamzaa mtoto. Wakamwita Kiswahili cha Mpakani. Huduma mpya kabisa: salamu nzuri, maneno yanayoeleweka Koboko, shukrani mwishoni. Na tumboni mwake, mahali ambapo hakuna mkubwa angepachunguza, lile neno moja lifutwe.

Alikosekana mama wa kumbeba. Jumatatu Madina alikuwa ofisini kwa Prossy pale Arua, amevaa vitenge vyake vya sikukuu. Prossy alimwambia mapema kwamba kama amekuja kuomba kituo kisifungwe, aihurumie nauli yake. Madina akasema hakuja kuomba, amekuja kuleta kitu, na kwamba alifikiri sana ampelekee nani. Kuna msimamizi mmoja wa Gulu alikuwa anasifiwa. Lakini mtoto wa kwetu alelewe kwetu.

Prossy alisoma karatasi za Alionzi mara moja harakaharaka, na mara ya pili taratibu. Kisha akaziweka mezani.

"Na mizigo yote ile iliyolala? Wataniuliza, Mama Faruk. Niseme nini?"

"Sema hao ndio wateja wanaoingojea hii Kiswahili. Wengine wanazindua kwenye hema tupu, madamu. Wewe hema yako imejaa kabla haijasimamishwa."

"Hiyo si uongo?"

"Uongo uko wapi? Nenda barazani kwangu uone kama hawangoji."

Prossy alitazama dirishani kwa muda. Huenda aliona Kampala huko. Aliinuka, akafunga mlango, akavuta kiti chake akakileta upande wa Madina, wakaanza upya.

Jambo la kwanza kufa lilikuwa ule mpango wa mwisho wa mwezi, kwa sababu hakuna kampuni inayofunga mahali inapokwenda kuzindulia. Prossy alimwagiza Madina asirudishe mzigo hata mmoja. Halafu Alionzi akawa anapiga simu karibu kila siku, na kila siku ana kicheko kipya. Watu wa ujumbe wameandika barua kuwa Kiswahili cha Mpakani kwa haki ni chao. Wanasheria wametaka jina lao liwekwe mbele. Watu wa mizigo wamekasirika kwa nini hawakuambiwa mapema. Waliokataa kumgusa mtoto mwaka juzi sasa wanavutana miguu yake. Madina alimjibu kwamba wakivutana sana awaambie mbuzi atagawanywa, nyama itamfikia kila mtu.

Sokoni hakuwaeleza yote. Aliwaambia tu kwamba wageni wakubwa wanakuja kuwapa watu mizigo yao, na anayesema ameibiwa aje na ushahidi na njaa. Waliosema sana ndio waliotangulia kufika.

Siku ya uzinduzi hema lilifunika barabara mpaka kwa jirani. Kulikuwa na fulana nyeupe, spika mbili, soda za bure na sufuria ambazo Ayikoru alikuja kuzisimamia mwenyewe kutoka Aroi. Afande Swadiki alikaa mstari wa mbele, mgongo wima, akimpigia saluti kila aliyepita kwa kuwa hakuweza kuona nani ni nani. Scovia alishuka garini na wakubwa wenzake, mwanamke mkarimu, mcheshi, akasalimia watu kwa mkono mpaka nyuma ya hema. Katika hotuba yake alisema Tufikie imesikia lugha ya watu wa mpakani. Alisema ni jambo lililomgusa yeye binafsi, maana alipoanza kazi ndiye aliyeandika maneno ya kwanza ya Kiswahili ya kampuni hii. Watu walimpigia makofi. Alionzi, nyuma kwa wapishi, alijifanya anakohoa.

Kisha Scovia akaombwa abonyeze kitufe cha kuizindua huduma.

Simu ya kwanza kulia ilikuwa ya Shamim. Ikafuata ya jirani yake, ikafuata ya muuza ndizi, halafu hema zima likawaka kwa milio, kengele na kaswida na ngoma za Kikongo, namba zote zilizokuwa zimezuiwa zikamiminika kwa pamoja. Scovia alisogea nyuma hatua, akashika kifua, kisha akafurahi kuliko wote. Aliona ni shangwe ya kisasa. Watu walisimama, wakasukumana kwenda kwenye rafu, na Madina alikuwa ameshasimama nyuma ya meza yake, mikono ya nguo imekunjwa. Soma. Toa. Soma. Toa. Shamim alilipima gauni lake juu ya nguo alizovaa, mbele ya watu wote, akazunguka ili hata wa Ludara waone. Afande alimpa Madina simu amsomee namba mwenyewe, akafungua boksi palepale, akavaa miwani, akamtazama kwa kirefu.

"Mama Faruk," alisema, "kumbe umezeeka."

"Ni hiyo miwani, afande. Irudishe Kampala."

Baraza lilivunjika mbavu. Na Madina alisikia, katikati ya kicheko hicho, yule mwanamke aliyesema gauni liko Yei akimwambia mwenzake kwa sauti kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa akisema mama wa watu hana hatia. Madina alimwongezea soda.

Scovia alipoona msongamano ule alirudi kwenye spika akatangaza kuwa Koboko itakuwa kituo cha mfano, na wengine waje kujifunza hapa. Prossy alipigwa picha naye mara nyingi, na mwendo wa Prossy ulikuwa umeshahamia Kampala, viatu tu ndivyo vilivyobaki Koboko. Madina alimtoa Alionzi kwa wapishi akamkalisha meza ya familia, kipande kizuri cha nyama mbele yake. Alionzi alisema, bila uchungu mkubwa, kwamba hakuna aliyelitaja lile neno siku nzima.

"Ulitaka walitaje?"

Alifikiri. "Hapana," akasema, akaanza kula.

Kabla ya kupanda gari, Scovia alikuja kumuaga mwenye nyumba. Alimshika mikono yote miwili, akamuuliza kwa moyo mweupe kama kuna tatizo lolote lingine pale kituoni, chochote, amwambie yeye mwenyewe.

Lilikuwapo. Kampuni ikiwaandikia watu waje saa 3, mashine ilikuwa na maana ya alasiri, ile inayoitwa saa tisa na kila mtu mwenye akili. Watu walifika saa tatu asubuhi, wakakaa barazani mpaka jua linawahama. Neno kosa lilifika kwenye ulimi wa Madina, likakaa hapo, akalimeza.

"Tatizo hakuna, madamu. Ila watu wa huku wameanza kuulizia Saa ya Mpakani."

Scovia alimtazama Prossy. Prossy alimtazama Alionzi. Alionzi alikuwa na nyama mdomoni.

"Saa ya Mpakani," Scovia alirudia, kama anaionja. "Inasimamiwa na nani?"

Mwanasheria aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyewahi kunyoosha mkono. Mtu wa ujumbe akasema samahani, mambo ya saa siku zote ni ya upande wao. Madina aliwaacha hapohapo mlangoni wakielezana, akaenda kumuuliza Ayikoru kama nyama iliyobaki itawatosha.